Meno yangu na kidonge cha rangi mbili

"MAMA, meno yako yanawaka!"

Maneno hayo niliambiwa na kijana anayenibadilishia fedha pale Manyovu, upande wa Tanzania. Siku hiyo nilikuwa nimevuka asubuhi kupitia Mugina na furushi la vitenge, nikauza vizuri, na mchana nikaenda kwake kugeuza shilingi ziwe faranga. Kijana huyo ana taa ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti bandia. Alitoa mzaha kuhusu noti yangu moja iliyochakaa, nami nikacheka mdomo wazi, jambo ambalo silifanyi mara nyingi, huku nimeinama juu ya taa yake.

Alinipa kioo nijionee mwenyewe. Meno yake yeye, chini ya mwanga ule, yalikuwa meupe yenye ubuluu kidogo. Yangu yalitoa rangi ya njano, hasa magego, kama kiini cha yai la kienyeji. Yale ya mbele, ambayo mchana huonekana ya kahawia yenye mistari, yaliwaka kidogo tu karibu na ufizi.

Msomaji atanisamehe kwa kuanza makala haya na habari za mdomo wangu. Lakini kama si taa ile, mwezi huo huo ningemnunulia mjukuu wangu dawa iliyoyafanya meno yangu kuwa hivi, tena kwa nia njema kabisa, kama mama yangu alivyoninunulia mimi.

Mimi ni mrejeaji. Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya Ulyankulu, Tabora, kwa wazazi walioikimbia Burundi mwaka 1972, na nilirudi nyumbani mwaka 2008 nikiwa tayari na watoto. Tangu nikiwa msichana nimezoea kufunika mdomo kwa ncha ya khanga ninapocheka. Katika picha ya harusi yangu nimefumba midomo kama mtu aliye msibani.

Sokoni wengi huniita "Mwarusha". Watanzania wanajua kwamba waliokulia Arusha na sehemu za Kilimanjaro mara nyingi huwa na meno ya kahawia. Hilo ni kweli, lakini yao yanatokana na madini ya floraidi yaliyozidi katika maji ya kule. Mimi Arusha sijawahi kufika hata kwa basi la kupita.

Kisa cha taa nilikwenda kumsimulia mzee mmoja wa Kigoma, mfamasia mstaafu, ambaye mkewe ni mteja wangu wa siku nyingi. Hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Utotoni mlikuwa mkinywa rangi mbili?"

Kopo la mama

Rangi mbili! Nani miongoni mwetu tuliokulia makambini na kwenye makazi asiyeijua? Ile kapsuli ambayo nusu ni nyekundu na nusu ni ya njano. Jina lake la kitabuni ni tetrasaiklini, na wengi tumezoea kuiita tetra.

Kwetu mama aliziweka katika kopo tupu la kahawa, juu ya rafu, mbali na panya. Mtoto akiharisha, tetra. Akikohoa, tetra. Akijikata na jembe, kapsuli inafunguliwa na unga wake unamwagwa juu ya kidonda. Mara nyingi aliifungua ili kutugawia, nusu yangu na nusu ya kaka yangu, unga ule mchungu ukakorogwa ndani ya uji.

Simlaumu. Alikuwa ameshazika watoto wawili kabla yangu, na zahanati ilikuwa mbali. Kopo lile ndilo lilikuwa hospitali yake. Tatizo ni kwamba madaktari walikuwa wameshaanza kuandika juu ya meno ya watoto waliotumia dawa hii tangu katikati ya miaka ya 1950, na habari hiyo haikufika kwenye rafu ya mama.

Yule mzee alinieleza kwa ufupi. Tetra ina urafiki mkubwa na madini ya kalsiamu, yale yanayojenga mifupa na meno. Mtoto anapoota meno, kuanzia akiwa tumboni katika nusu ya pili ya ujauzito hadi afikapo miaka 8 hivi, kalsiamu inawekwa kwenye jino tabaka kwa tabaka kama fundi anavyopanga matofali. Tetra ikiwa kwenye damu siku hizo, inajengewa humo humo ndani. Mwanzoni jino huwa la njano. Likishatokeza na kupigwa na mwanga miaka na miaka, njano hugeuka kahawia. Ndiyo maana ya mbele yameiva, na ya nyuma, ambayo hayaoni jua, bado yanawaka. Mistari iliyopo ni kumbukumbu ya kila kipindi nilichopewa dawa, na hakuna mswaki unaoifikia.

Nilipotafuta zaidi nikakuta jambo lililonifariji kidogo: siko peke yangu katika historia. Mwaka 1980 watafiti wa Marekani walichapisha habari za mifupa ya watu wa kale wa Nubia, kaskazini mwa Sudan, waliozikwa kati ya mwaka 350 na 550. Chini ya mwanga wa aina ile ile ya taa ya noti, mifupa hiyo iliwaka njano. Uchunguzi wa kemikali uliochapishwa mwaka 2010 ulithibitisha kwamba ni tetra. Watu hao hawakuwa na kiwanda cha dawa. Watafiti wanaona kwamba waliipata katika pombe yao ya nafaka, kwa sababu tetra kwa asili hutengenezwa na viumbe vidogo sana vya udongoni, ambavyo viliingia kwenye nafaka. Ulimwengu wa kisasa uliipata dawa ya kwanza ya ukoo huu mwaka 1948, pale Benjamin Duggar, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa ameshastaafu chuo kikuu, alipotangaza kwamba ameikuta katika udongo uliotoka Missouri.

Urafiki huo wa tetra na madini ndio unaoharibu dozi za wengi sokoni. Nimewaona wenzangu wakimeza tetra kwa maziwa, wakisema maziwa yanapoza ukali wa dawa. Ni kweli yanaipoza, lakini kwa kuifunga. Kalsiamu ya maziwa inaishika tumboni, na sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma hufanya vivyo hivyo.

Kiwanda cha cherehani

Nilimwuliza mzee wangu: basi inafanya nini hasa kwa vijidudu, hata ikasifiwa hivyo? Akatazama furushi langu la vitenge akacheka. "Wewe unawajua mafundi cherehani. Nitakueleza kwa cherehani."

Kila bakteria, alisema, ana ndani yake maelfu ya vyerehani vidogo visivyoonekana, ambavyo wataalamu huviita ribosomu. Kazi yake ni kushona protini, na bila protini bakteria hawezi kukua wala kuzaa. Fundi ana karatasi ya vipimo mbele yake. Vijana wanamletea vipande vya kitambaa, kimoja kimoja, naye anaviunga kwa mpangilio wa ile karatasi, na vazi linatokea upande wa pili. Umbo la cherehani hicho lilikuja kuchorwa kwa undani kiasi kwamba wanasayansi watatu, Venkatraman Ramakrishnan, Thomas Steitz na Ada Yonath, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2009.

Tetra inakaa mlangoni. Kijana akija na kipande chake, hapiti. Fundi yupo, karatasi ipo, uzi upo, lakini vipande haviingii na kazi inasimama.

Dawa nyingine tunazozijua madukani zinashambulia cherehani hicho hicho, kila moja mahali pake. Kloramfeniko, ambayo wazee waliipenda kwa homa ya matumbo, inazuia sindano isiunge kipande na kipande. Erithromaisini na mdogo wake azithromaisini huziba tundu ambalo vazi linatokea, kwa hiyo nguo inajikunja ndani na kukwama. Sindano za jentamaisini na streptomaisini ni watundu zaidi: zinamfanya fundi asome vibaya karatasi, ashone mkono palipotakiwa kola. Mavazi hayo mabovu yakishavaliwa yanabomoa hata ukuta wa nyumba, na bakteria anakufa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Tetra kwa kawaida haimwui kijidudu, inamsimamisha kazi tu. Anayemaliza shughuli ni askari wa mwili wako mwenyewe. Mlinzi wa mlangoni akiondoka mapema, kwa sababu umenunua kapsuli 4 na si dozi nzima, vijana wanaingia tena na vipande vyao na cherehani kinaendelea.

Kwa nini dawa hizo hazisimamishi vyerehani vyetu sisi? Kwa sababu vya binadamu ni vikubwa zaidi na vimeundwa tofauti. Lakini ndani ya seli zetu mna vijiinjini vya kutengeneza nguvu, mitokondria, na hivyo vina vyerehani vinavyofanana sana na vya bakteria. Hiyo ni sababu mojawapo ya kloramfeniko kudhoofisha uboho, mahali damu inapotengenezwa. Kwa watu wachache sana huuzima kabisa. Kwa watoto wachanga madhara yake yalionekana wazi mwaka 1959, kwani ini lao lilikuwa bado changa mno kuiondoa dawa, wakageuka rangi ya kijivu na kufa. Jentamaisini na streptomaisini zinaweza kuua seli za sikio, na seli hizo hazioti tena. Ninaye mwenzangu wa sokoni ambaye alichomwa sindano za streptomaisini akitibiwa kifua kikuu miaka ya nyuma. Alipona, na leo mnapatana naye bei kwa vidole.

Kipindupindu na mlango wa nyuma

Wengi tunaovuka mipaka tunabeba tetra kwa sababu moja tu, kipindupindu. Hofu hiyo nina sababu ya kuielewa. Lakini ngojeni niwaeleze yaliyotokea Tanzania muda mfupi kabla sijazaliwa.

Kipindupindu kilipozuka nchini humo mwaka 1977, tetra ilitolewa kwa wingi, kwa wagonjwa na pia kwa wazima kama kinga. Mwanzoni vijidudu vyote vilivyopimwa vilisalimu amri mbele ya dawa hiyo. Baada ya miezi mitano tu, kwa mujibu wa taarifa ya Mhalu na wenzake iliyochapishwa mwaka 1979 katika jarida la Lancet, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa havikuisikia tena. Miezi mitano! Hata mkopo wa vitenge huchukua muda mrefu zaidi kuisha.

Inakuwaje? Bakteria wengine hujifungia pampu ukutani, na tetra ikiingia wanaitema nje. Wengine wana protini maalumu inayokuja kumng'oa mlinzi pale mlangoni kwenye cherehani. Na maarifa hayo yameandikwa kwenye vipande vidogo vya vinasaba ambavyo bakteria wanapeana wao kwa wao, hata wasio wa ukoo mmoja, kama sisi tunavyoambizana njia za panya siku ambazo forodha wamekaza. Dawa ikitumika ovyo, wasio na pampu wanakwama, wenye pampu wanabaki kuzaana na kugawa ujuzi.

Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Goma na kunywa maji ya Ziwa Kivu, kijidudu cha kipindupindu kilichowakuta kilikuwa tayari sugu kwa tetra. Nyuma yake kikaja cha kuhara damu, ambacho nacho kilizishinda karibu dawa zote za kawaida. Katika mwezi mmoja walikufa watu wanaokadiriwa kuwa karibu 50,000. Waliochunguza baadaye waliandika kwamba kilichowaangamiza wengi wa wagonjwa wa kipindupindu ni kukosa maji, kutopewa maji ya kutosha kwa haraka, ya kunywa na ya mishipani. Dawa ya kuzuia cherehani hupunguza wingi na siku za kuharisha kwa mgonjwa aliyezidiwa, na mpaka leo vituo vya kipindupindu hutoa doksisaiklini, binamu wa tetra, mara nyingi dozi moja tu. Lakini anayeokoa uhai kwanza ni maji yenye chumvi na sukari.

Haya yote nayasema nikijua biashara yetu ilivyo. Pale mpakani kapsuli zinauzwa moja moja kwenye meza, kati ya betri na sabuni, juani tangu asubuhi hadi jioni. Mchuuzi mmoja alinionyesha pakiti ambayo tarehe imefutika, akaniapia kwamba dawa haiozi. Tetra inaoza. Joto na unyevu huigeuza kitu kingine, na mwaka 1963 madaktari wa Marekani walieleza habari za wagonjwa walioharibika figo baada ya kumeza iliyochakaa. Mkulima mwenzangu mmoja wa Mabanda huwapa kuku wake tetra iliyopitwa na wakati kwa kuwa "hawana shida". Mayai anauza kwetu sisi.

Nisieleweke vibaya kwamba dawa za kundi hili ni mbaya. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Burundi imeutokomeza ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, kama tatizo la afya ya jamii. Ugonjwa huo huwapofusha watu polepole kwa kope kugeukia ndani na kukwaruza jicho. Silaha kubwa ilikuwa ni azithromaisini, mzibaji wa tundu la cherehani, iliyogawiwa kwa jamii nzima kwa mpango katika wilaya zilizoathirika, watoto wakipimiwa kwa urefu wao. Niliimeza mimi mwenyewe, nimesimama kwenye mstari chini ya mwembe. Mgawaji alisubiri mpaka nimeze mbele yake. Wakati ule niliona ananidharau, kumbe alikuwa anafanya kazi yake.

Simu ya binti yangu

Haikupita muda tangu siku ya taa, nikiwa Manyovu tena, binti yangu akanipigia simu kutoka nyumbani. "Mama, mtoto anaharisha tangu jana usiku. Nipitie na rangi mbili, hata sita tu. Nitamfungulia kwenye uji."

Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Meno yake ya ukubwani, yale yatakayomkaa maisha yote, yanajengwa sasa hivi ndani ya taya.

Nilimwuliza maswali ambayo yule mzee alinifundisha. Kuna damu? Hakuna. Macho yameingia ndani? Kidogo. Anakojoa? Kidogo. Anakunywa? Anakunywa. Nikamwambia aanze kumpa maji ya kunywa yaliyochemshwa na uji mwepesi asisubiri, na akiona damu, au mtoto akishindwa kunywa, asinisubiri mimi, akimbilie kituo cha afya. Kuharisha kwa maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, na virusi havina cherehani chake chenyewe cha kuziba.

Kisha nikasimama mbele ya meza ya dawa. Kapsuli zile zilikuwa pale, nyekundu na njano, zinang'aa. Nakiri mkono ulitaka kwenda. Mtu aliyelelewa na kopo haachi kopo kwa hotuba ya siku moja, na nilijiona kama bibi asiyejali. Nikavuka barabara hadi duka la dawa lenye mhudumu, nikanunua pakiti za ORS na vidonge vya zinki.

Nilipofika jioni binti yangu alitazama mfuko, akanitazama na mimi. "Mama, umevuka mpaka mzima kuniletea chumvi?" Mkwe wangu akageuka pembeni asiseme neno.

Usiku ule hatukulala. Tulimnywesha kijiko kwa kijiko, akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena. Alfajiri alikojoa hadi akalowesha kitenge changu kipya, na sijawahi kufurahia hasara kama ile. Siku ya tatu aliomba muhogo. Zinki tuliendelea nayo siku kumi kama tulivyoelekezwa.

Mwezi uliofuata nilimchukua twende wote Manyovu, nikampitisha kwa yule kijana wa fedha. Kijana aliwasha taa yake, nami nikacheka makusudi ili mtoto aone meno ya bibi yanavyowaka. Akapiga makofi. Kisha akapanua mdomo wake mwenyewe mbele ya kioo, akakuta meupe yenye ubuluu, kama ya watu wote.

Alilia njia nzima hadi Mugina, akitaka kujua kwa nini yake hayawaki njano kama ya bibi.